Jirani Ameunguliwa Nyumba: Tumsaidie Bila Kumlemea

Mama huyo alikuwa amesimama mbele ya kuta zilizobaki, mkononi ameshika ufunguo wa mlango ambao haupo tena. Moto ulizimwa alfajiri. Kufikia saa nne majirani walikuwa wamemrundikia pembeni mafungu ya nguo, sufuria mbili, godoro na ndoo, na kila aliyeleta kitu alileta na amri yake: hamieni kwa dada yako, bomoeni ukuta huu leo leo, huyu mkubwa arudi shule kesho asije akaachwa nyuma. Swali pekee aliloulizwa ni "moto ulianzaje?" Aliulizwa mara nyingi mno, hata nilipomfikia alianza kujibu kabla sijafungua mdomo.

Majirani wale walikuwa watu wema, na ndiyo maana naanza nao. Familia iliyounguliwa nyumba haipotezi vitu tu, inapoteza na uamuzi. Ndani ya usiku mmoja, walale wapi, wavae nini, wale saa ngapi, yote yanaamuliwa na wengine. Sisi tunaoshughulikia waliopatwa na maafa katika idara ya ustawi wa jamii tumejifunza kuupima msaada hivi: umewarudishia uamuzi, au umewapunguzia hata ule kidogo uliobaki?

Na hilo la moto ulianzaje, waachieni zimamoto na polisi. Likitoka kinywani mwa jirani husikika kama shutuma, na mara nyingi anayeshutumiwa ni yule aliyekuwa jikoni.

"Wametoka salama" ni neno la kuchunguzwa

Mtu anaweza kutoka kwenye moto bila lengelenge hata moja na bado akawa hatarini. Moshi wa nyumba inayoungua hubeba kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa ndizo dalili zake, na ni rahisi kudhani ni mshtuko tu. Ukimwona mtu sauti imekwaruza, anakohoa makohozi yenye masizi, au vinyweleo vya puani vimeungua, mpelekeni hospitali hata kama anasema yuko sawa. Mapafu yaliyovuta moshi huweza kuanza kusumbua siku moja au mbili baadaye. Mkifika huko semeni wazi kwamba alikuwa ndani ya moshi, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni huweza kuonyesha oksijeni nzuri wakati damu imejaa gesi hiyo.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, ndani ya saa tatu za kwanza. Barafu hapana. Dawa ya meno, mafuta na yai navyo hapana, aseme bibi aseme nani.

Msiwaache warudi ndani kuokota

Hapa ndipo majirani wenye nguvu huumia. Nyumba ikishaungua husimama kwa mazoea. Kenchi zilizoliwa na moto huonekana nzima kwa chini huku juu zimebaki mkaa. Zege nyingi zikipata joto la nyuzi 300 hivi hugeuka rangi ya wekundu hafifu, na kuanzia hapo uimara wake hushuka. Ukiona lenta au nguzo ina wekundu huo, au plasta imemeguka na nondo ziko wazi, sogea pembeni umngoje fundi mwenye ujuzi. Umeme usiwashwe kabla fundi hajakagua, kwa kuwa plastiki ya nyaya huyeyuka ndani ya ukuta mahali jicho halifiki. Godoro na dari nazo huficha makaa, yakaja kuwaka tena saa nyingi baada ya gari la zimamoto kuondoka.

Ikiwa kuna kasiki, lile sanduku la chuma la kutunzia fedha na hati, liacheni lipoe kabisa. Karatasi zilizomo zinaweza kuwa na joto linalotosha kuwaka, zinangoja hewa tu. Ukifungua mlango zinashika moto mbele ya macho yako.

Vyakula na dawa vilivyopata joto au moshi vitupwe, hata vile vilivyokuwa ndani ya friji au makopo. Najua inauma kutupa chakula mbele ya watu waliopoteza kila kitu. Dawa za kisukari, shinikizo la damu au kifafa ndizo za kutafutia mbadala siku ile ile, kabla ya nguo, kabla ya sufuria. Na jivu lisifagiwe kavu: lilowesheni kwanza, vaeni barakoa, glavu na viatu vya kufunika mguu, na watoto wakae mbali. Jivu la nyumba si la kuni. Limechanganyika na rangi, plastiki, sponji na pengine vigae vya zamani vyenye asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu.

Kabla hamjasafisha chochote, pigeni picha kila chumba. Kama familia ina bima, vilivyoungua visitupwe hadi mtathmini avione. Karatasi zilizolowa maji ya zimamoto huanza kuota ukungu ndani ya siku moja au mbili. Mwenye friji ya kugandisha azifunge kwenye mifuko na kuziweka humo, zitakaushwa taratibu baadaye. Noti zilizoungua nazo zisinyooshwe wala kukung'utwa. Zilazeni kwenye boksi kama zilivyo, maana benki kuu nyingi hukubali kuzibadilisha ikiwa sehemu ya kutosha ya noti imebaki.

Mchango

Juni 2017 jengo la Grenfell Tower liliungua jijini London na watu 72 wakafa. Nguo, vyombo na midoli vilimiminika kwa wingi uliozidi mahitaji na uwezo wa kuvichambua, hadi Shirika la Msalaba Mwekundu la Uingereza likachukua shehena kubwa, likaichambua, na sehemu yake likaiuza madukani ili igeuke fedha za waathirika. Huo ulikuwa moto mkubwa, lakini jambo lile lile hutokea kwa nyumba moja ya vyumba viwili. Niliwahi kuona familia ya watu watano imepewa magunia kumi na moja ya nguo, haina sehemu ya kuyaweka, na humo ndani hamna chupi hata moja. Taulo za kike hazikuwapo. Miwani ya baba haikuwapo, na bila miwani hiyo hawezi kazi yake.

Kwa hiyo fedha kwanza. Wapo wanaoogopa kwamba fedha "zitaliwa". Kwa uzoefu wangu, aliyeunguliwa nyumba ana hesabu kali kuliko mchangiaji wake yeyote. Vitu navyo vina nafasi yake, mradi vitoke kwenye orodha ya familia yenyewe: saizi za viatu, sare za shule, vifaa vya kazi ya mwenye nyumba, vitu vya mtoto mchanga. Orodha hiyo ishikwe na mtu mmoja ambaye familia imemchagua, awe ndiye wa kupigiwa simu. Si lazima awe mjumbe, mchungaji au shekhe. Awe anayeaminika na anayepokea simu.

Andikeni kila senti. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, aliyetoa, kiasi, kilichotumika, saini mbili. Mshika fedha na mshika daftari wawe watu tofauti. Namba ya kuchangia itangazwe na familia yenyewe au huyo mwakilishi, kwa sababu moto ukishasikika matapeli nao hufungua namba zao, tena huiba picha zile zile mlizosambaza kwa huruma. Picha, basi. Mtoto aliyesimama kwenye majivu na nguo ya kulala asirushwe mtandaoni. Mchango utaongezeka, ndiyo, lakini picha hiyo ataikuta shuleni. Picha ya nyumba yatosha.

Kuna mtu mmoja tunamsahau karibu kila mara: aliyewapokea. Shangazi mwenye nyumba ya watu wanne akiamka ana watu tisa, hakuna anayempigia hodi na mchango. Viwango vya kimataifa vya misaada huweka lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku kama kiwango cha chini. Pigeni hesabu ya watu watano zaidi, ongezeni kuni au gesi, sabuni, choo kimoja na foleni yake asubuhi. Baada ya wiki mbili maneno huanza kuchacha, na watu waliokuwa ndugu wanaacha kusalimiana kwa sababu ya ndoo ya maji. Sehemu ya mchango impelekee mwenyeji waziwazi, tena familia ijue, ili isijione mzigo.

Halafu kuna wiki ya tatu. Wiki ya kwanza uani hapatoshi kwa watu. Wiki ya tatu simu haiiti, na ndipo kazi nzito inapoanza: kitambulisho kipya, vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, kodi ya miezi ya mbele, mwenye nyumba anayedai fidia kwa mpangaji. Kamati yenye busara hugawana zamu tangu mwanzo. Wengine watoe sasa. Wengine waandikwe kwa mwezi wa pili, na kazi yao iwe kumsindikiza mtu ofisini na kukaa naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Kuhusu moyo

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake mwaka 2011 unajengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hauhitaji shahada. Kilichokatazwa ni kumlazimisha mtu asimulie usiku ule ati atoe uchungu. Anayetaka kusema atasema, asiyetaka mkae naye kimya. Msimwambie "shukuru hamkufa". Anashukuru tayari, na bado analilia nyumba yake.

Harufu ya moshi hukaa kwenye nguo na hurudisha usiku mzima kwa pumzi moja, hivyo fueni mara mbili tatu kabla ya kuwarejeshea. Watoto wanaweza kurudia kukojoa kitandani, kung'ang'ania mzazi, au kucheza mchezo wa moto siku nzima. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache. Ikizidi mwezi, au mtoto akiacha kula na kulala, mtafuteni mtaalamu.

Mvulana mmoja wa miaka saba alikuwa akilala na viatu miguuni tangu nyumba yao ilipoungua. Baba yake mdogo aliyewapokea hakumgombeza. Jioni moja alimshika mkono wakahesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, akamwonyesha msumari unapotundikwa ufunguo, wakazima taa na kutoka nje kwa kupapasa, mara tatu. Usiku huo viatu alivivua, akavipanga chini ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni.