Mtoto Akipata Degedege, Tazama Saa na Umlaze Ubavu

Mtoto anapokakamaa ghafla, macho yakapinduka na povu likamtoka mdomoni, nyumba nzima huchanganyikiwa. Huyu anatafuta kijiko amtenganishe meno, yule anammwagia maji, na mara nyingi yupo mkubwa mmoja anayesisitiza afukizwe kwanza kwa sababu "mwenye degedege akichomwa sindano anakufa". Imani hiyo ya sindano ndiyo inayotusumbua zaidi sisi tunaotibu watoto. Mtoto huyo huenda ana malaria iliyopanda kichwani, ambayo tiba yake ni sindano ya artesuneti, na kila saa anayocheleweshwa inaongeza hatari ya kifo au ulemavu.

Kwa hiyo tazama saa. Mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje, mlegeze nguo, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza. Usimtie chochote mdomoni, iwe kijiko, maji, dawa au kidole. Hawezi kumeza ulimi wake. Wala usimkandamize. Degedege nyingi hukoma zenyewe kabla ya dakika 5. Zikipita 5, au likirudi kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali bila kungoja. Kama kuna mtu wa pili, amrekodi kwa simu: mara nyingi daktari hupokea mtoto aliyekwisha tulia, na video hiyo humsaidia sana.

Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Linatisha, lakini likiwa fupi haliharibu ubongo, na wengi wao hawapati kifafa baadaye. Hata hivyo, mzazi asiamue mwenyewe kwamba ni homa tu. Ni lazima apimwe malaria na sukari, na daktari aangalie dalili za homa ya uti wa mgongo, kama vile shingo kukaza au utosi wa kichanga kuvimba. Tukiomba kupima maji ya uti wa mgongo, wazazi wengine hukataa wakihofia mtoto atapooza. Sindano hiyo huchomwa chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha ishia.

Kifafa ni jambo jingine: degedege hujirudia bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Hakiambukizi kwa mate wala povu. Na si kila kifafa kinaangusha. Yupo mwanafunzi anayeacha kuandika, akazubaa sekunde chache, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anamchapa kwa uzembe. Yupo kichanga anayeamka akijikunja kwa kushtuka, mikono ikitanuka, mara nyingi mfululizo, na nyumbani wanasema ni tumbo. Huyu wa pili aletwe haraka mno, maana anaweza kupoteza hata yale aliyokwisha jifunza, kama kutabasamu na kukaa. Mahenge, mkoani Morogoro, ambako kifafa ni kingi, tafiti zimekihusisha pia na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi na unaoweza kupofusha, na hapo dawa ya kinga ya usubi inayogawiwa kwenye jamii ina faida zaidi ya kulinda macho.

Kwa dawa sahihi, hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege. Tatizo ni kwamba mtoto akikaa miezi michache salama, dawa huachwa. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Kwa kawaida daktari huanza kufikiria kuipunguza baada ya miaka 2 bila degedege, tena kidogo kidogo. Kama mgonjwa ni binti anayekaribia kuvunja ungo, muulize daktari kuhusu valproeti, mojawapo ya dawa za kifafa, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni atakapopata ujauzito.

Shule aende. Asiachwe peke yake penye moto wa kupikia, kisimani wala mtoni, kwa sababu kuungua na kuzama ndiko kunakowaumiza wengi. Na mwalimu wake aambiwe wazi anaugua nini, aoneshwe namna ya kumlaza, na awe na namba ya simu ya mzazi.