Kudumu kwa bakteria juu ya vifaa vya wodini

Kudumu kwa bakteria maana yake ni uwezo wao wa kubaki hai nje ya mwili, juu ya kitanda, kitasa au sakafu, mpaka mkono wa mtu uwaguse na kuwahamishia kwa mgonjwa mwingine. Muda huo hutegemea mambo mengi, lakini mawili yanatuhusu sana sisi wakazi wa Dar es Salaam: unyevu uliomo hewani, na aina ya kitu ambacho bakteria wametua juu yake.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa ya jiji hili hujaa unyevu kiasi kwamba shuka iliyoanikwa asubuhi huweza kuanuliwa jioni ikiwa bado mbichi. Hali hiyo huwafaa bakteria wengi, wakiwemo sudomonasi na salmonela. Hata hivyo, wodi iliyokaushwa na kiyoyozi nayo haijasalimika, kwa kuwa stafilokokasi, bakteria wanaojulikana kwa majipu na usaha wa vidonda, huustahimili sana ukavu: tafiti zimewakuta hai juu ya vitu vikavu kwa muda wa siku 7 hadi miezi 7. Asinetobakta, bakteria wengine wa wodini, huweza kufikisha miezi 5.

Kuhusu vitu vyenyewe, wengi huuamini mng'ao wa chuma cha pua. Chuma hicho husafishika kwa urahisi, lakini hakiui. Bakteria hukaa juu yake kwa siku kadhaa kama wakaavyo juu ya plastiki. Shaba ndiyo inayoua, kwa sababu ioni zake, yaani chembe zake ndogo zenye chaji ya umeme, huharibu utando wa bakteria, na mwaka 2008 Marekani iliruhusu aloi zake, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, zitangazwe kuwa huua bakteria. Madini ya fedha nayo husifiwa, ila katika vipimo vya maabara ilifanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 35 na unyevu unaozidi asilimia 90, kisha ikashindwa katika hewa kavu ya chumba cha kawaida. Kwa hiyo mnunuzi wa vifaa ana haki ya kuuliza kifaa kilipimwa katika unyevu gani.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni godoro. Mfuniko wake wa plastiki ukiwa mzima, huoshwa kwa maji na sabuni, ndipo ikafuata klorini, kwa kuwa uchafu huidhoofisha dawa hiyo. Ukitoboka, hata kwa tundu la sindano, jasho, mkojo na damu hupenya hadi kwenye sponji, mahali pasipofikiwa na kitambaa na ambapo, katika hewa yetu, hapakauki upesi. Godoro la namna hiyo halisafishiki tena, liondolewe wodini.