Makro ni nini khasa? Kisa cha buibui wa mlimau wa uani

Mtoto wa mjomba wangu kanunua simu mwezi uliopita, nyuma ina macho matatu, na dukani kaambiwa moja ni "la makro", basi tangu siku hiyo kila anachokipiga kwa karibu anakiita makro, biriani makro, pete ya shemeji makro, hata kucha za paka. Juzi kanitumia picha ya buibui wa kwenye mlimau wa uani kwetu, chini kaandika "cheki makro hiyo kaka". Naifungua, buibui mwenyewe ni kama tone la udongo, miguu haihesabiki. Nikamwambia hii si makro ndugu yangu, hii ni picha ya mlimau ambao ndani yake yumo buibui. Kachukia. Basi naandika hapa kwa urefu ili tusikosane tena.

Wengi wanadhani makro ni kusogea karibu. Kusogea kumo lakini siyo maana yenyewe. Maana yenyewe iko ndani ya kamera, pale kwenye sensa, kile kijibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu ya zamani. Lenzi inakiangusha kile unachokipiga juu ya sensa kama kivuli kinavyoanguka ukutani, sasa kikianguka kwa ukubwa ule ule kilionao, yaani mdudu wa milimita 10 akachukua milimita 10 juu ya sensa, hiyo inaandikwa 1:1 na kwa wale wanaoshika neno kwa ukali hapo ndo makro inaanza. Lenzi nyingi za zamani zinazouzwa kwa jina la makro zinaishia 1:2, nusu ya ukubwa, na mie siwagombi wanaoiita makro pia. Ukizidi 1:1, ukafika 2:1 au 5:1, mdudu anakuwa mkubwa juu ya sensa kuliko alivyo, na ukizidi tena na tena unaingia kwenye kazi ya hadubini. Nikon wao lenzi hizi wanaziandika Micro wakati wenzao wengi wanaandika Macro, usichanganyikiwe, kazi ni ile ile.

Kwa nini tushughulike na hivi vijinamba? Chukua buibui wa milimita 3. Umpige kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50 (namba hii ni ya lenzi yenyewe, inaeleza inavyovuta, si ukubwa wa mdudu) ambayo ukisogea mwisho wa uwezo wake inakupa kama 1:7, kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 yenye pikseli milioni 24, yaani vile vidoa vinavyojenga picha, buibui wako anapata kama pikseli 70 kwa urefu. Sabini! Humo ndo yawemo macho manane, nywele, meno, kila kitu. Umpige yule yule kwa 1:1 anapata 500. Ndo maana kukropu, yaani kukata kipande cha picha ukakikuza, si makro, unavuta kitu ambacho hakijaingia, ni sawa na kukamua nazi iliyokwisha kamuliwa tui.

Simu zina shida yake nyengine kwa sababu sensa zake ni ndogo sana, kwa hiyo ile 1:1 haikwambii kitu, unaweza kuwa na namba ndogo na picha nzuri tu. Dawa yake ni rula ya skuli. Iweke mezani, sogea mpaka fokasi inakataa, rudi kidogo, piga, halafu hesabu ni milimita ngapi zimeenea kutoka ukingo mpaka ukingo wa picha, zikiwa chache ndo vizuri. Kamera ya sensa kubwa kwenye 1:1 inaonesha 36, zile za sensa ya kati kama 24. Tumefanya hivo na simu ya bwana mkubwa mwenyewe, yule mtoto wa mjomba, jicho lake la makro likatuonesha rula karibu yote na lile jicho kuu la kawaida ukilibandika kilenzi cha klipu cha bei rahisi likafanya vizuri zaidi. Alinyamaza kidogo hapo.

Sasa si kila buibui anataka makro, na hili watu hawalisemi. Ukienda msitu wa Jozani, Unguja, watalii wote wanakimbilia kima punju, na wana haki yao, ila ukinyanyua macho baina ya miti utawaona wale buibui wakubwa wa utando wa dhahabu wametanda njia nzima. Msitu wa Ngezi kule Pemba vile vile. (Na ukitafuta buibui mtandaoni kwa Kiswahili jitayarishe, nusu ya picha zitakuja za nguo ya kina mama.) Jike la buibui huyu miguu ikitandazwa anakaribia kujaa kiganja, na utando wake si kwamba unang'aa kwa jua tu, uzi wenyewe ni wa manjano kweli, kule Madagascar waliwakusanya zaidi ya milioni moja wakatoa kitambaa cha dhahabu bila ya kukitia rangi, kikaoneshwa New York mwaka 2009. Jike kama huyo kwenye 1:1 haingii kwenye picha, utapata kichwa na kifua miguu imebaki nje. Mpige kwa lenzi yoyote, rudi nyuma, acha na msitu uonekane.

Makro inaanza pale unapowatazama wageni wake. Kwanza mume, kijidudu cha milimita chache kinanyemelea pembeni ya utando mkewe asije akamdhania kitoweo, ukimuona mara ya kwanza utasema ni mtoto wake. Halafu wako vibuibui vidogo vya fedha, vinang'aa kama tone la zebaki, vinaishi humo humo kwenye utando wa mwenyewe na kula vijidudu vilivyonasa ambavyo bibi mkubwa havishughulikii. Wezi kabisa. Kwa macho unaona vitone vya umande tu, saa tatu asubuhi unashangaa umande gani huu haukauki. Kwa makro unaona tone lina miguu.

Ila 1:1 ina ada yake na ada yenyewe ni fokasi. Kadiri unavyokuza ndivyo eneo lililo kali linavyozidi kuwa jembamba, kwenye sensa kubwa ukiwa 1:1 na tundu la lenzi umeliweka f/8 (namba ya f ikikua tundu linakuwa dogo) unapata kama milimita 1 tu, mbele yake ukungu nyuma yake ukungu. Ukenda 2:1 inashuka chini ya nusu milimita. Utasema basi nibane tundu, niende f/16, f/22, sawa unaongeza kidogo lakini mwanga unapopita kwenye tundu dogo mno unatawanyika na picha nzima inakuwa laini kama imepakwa mafuta, mie sizidi f/11 nikiwa kwenye 1:1. Kwa hiyo huwezi kuwa na kila kitu, inabidi uchague, na kwa buibui chaguo ni jicho. Mguu ukiwa na ukungu mtu atasamehe, macho yakiwa na ukungu hiyo picha futa.

Na usihangaike kuzungusha lenzi. Weka fokasi kwenye ukubwa unaoutaka, uiache, halafu wewe mwenyewe sogea mbele na nyuma polepole kama mtu wa kwenye dhikri, ukipiga pale jicho linapokuwa kali. Picha 30, nzuri 2. Wako wanaopiga picha nyingi, kila moja imesogea kidogo kwa ndani, halafu programu inazipandanisha kuwa moja iliyo kali yote, inapendeza sana lakini inataka buibui aliyetulia na huku kwetu upepo wa kusi ukishika hakuna utando unaotulia. Alfajiri mara baada ya sala ndo wakati, upepo umelala na wadudu bado wazito kwa baridi.

Mwanga sasa. Ukikaribia hivo lenzi yenyewe inakuzibia mwanga, na kwenye 1:1 kinachofika kwenye sensa kinapungua mpaka robo, kwa hiyo flashi karibu ni lazima. Uzuri wake inawaka kwa muda mfupi mno, ukiiweka nguvu ndogo ni chini ya sehemu 1 ya 1000 ya sekunde, mtikisiko wa mkono hauonekani. Ubaya wake ni mwanga mkali mkavu, mgongo wa buibui unatoa mng'aro kama bati la jikoni. Lazima ukinge kitu cheupe baina ya flashi na mdudu, kikubwa na karibu naye. Mie nimekata kopo la aiskrimu nikalivisha kipande cha kanzu kuukuu ya babu, gharama yake sifuri.

Na lenzi je? Ya makro ya milimita 100 ni nzuri kwa sababu kwenye 1:1 inakuacha na kama sentimita 14 kutoka kioo chake mpaka kwa mdudu, fupi zaidi unamkalia puani na anakimbia. Huna? Nunua zile pete tupu zinazokaa baina ya kamera na lenzi, hazina kioo ndani, pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 inakuongezea nusu ya ukubwa hapo hapo. Au geuza lenzi ya 50 kinyumenyume kwa kipete cha kuunganishia, unakaribia 1:1, ila fokasi ya kujiendesha sahau.

Jumamosi nikamchukua yule bwana tukaenda pale pale kwenye mlimau. Buibui wake kumbe ni yule mrukaji, hana utando wa kutegea, anawinda kwa macho, na hawa ndo watamu kuliko wote kuwapiga kwa sababu ukisogea wanageuka wakutazame, yale macho mawili makubwa ya mbele usoni pako kabisa. Nikapiga kama mara 40, mama yuko mlangoni anauliza tumepoteza nini huko chini ya mti. Tulipoikuza kwenye kompyuta yumo kila kitu, nywele za mashavuni moja moja, na ndani ya kila jicho jeusi duara jeupe dogo.

"Hilo jeupe nini?"

Kanzu ya babu hiyo.