Pampu ya joto na hofu ya Januari

Mwambie jirani yako Uingereza kwamba unang'oa boila ya gesi, mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba, na kufunga pampu ya joto, naye atakujibu: "Ngoja Januari," mwezi wa baridi kali kule. Imani hiyo ni ya siku nyingi: mashine inayochota joto kwenye hewa ya nje itachota nini barafu ikitanda?

Weka mkono nyuma ya friji. Pana moto. Joto hilo limetolewa ndani, hata kwenye friza yenye nyuzi -18, likasukumwa nje. Pampu ya joto hufanya kazi hiyohiyo, ila inapoza nje ili ipashe ndani. Hewa tunayoiita baridi bado ina joto tele; joto huisha kabisa kwenye nyuzi -273. Baadhi ya pampu huzungusha gesi ya propani, inayochemka kwenye nyuzi -42 katika mgandamizo wa kawaida. Kwake, hewa ya nyuzi -10 ni jiko. Kompresa, mtambo wa kubana gesi, huibana propani hiyo, nayo hupanda moto wa kutosha kupasha maji ya nyumba.

Na nchi za Ulaya zenye pampu nyingi zaidi kwa kila kaya? Norwe, Finilandi na Uswidi. Si Hispania.

Wanaolalamika hawazushi, lakini. Uniti moja ya umeme huleta takriban tatu za joto hali ikiwa ya wastani, na baridi ikikaza hupungua. Tena maji yake hayapati moto kama ya boila, hivyo redieta (vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji hayo kupasha vyumba) ndogo za zamani huenda zikahitaji kubadilishwa. Fundi asipopima hilo mapema, lawama huiangukia pampu.