Mkono Ukitoka Urudi Shavuni: Kwa Anayeanza Ngumi

Nikipokea mwanafunzi mpya wa ngumi, ninachokitazama kuliko vyote ni mkono wake baada ya kupiga. Nguvu itakuja na kasi itakuja, lakini mkono unaozoea kubaki njiani ni tabia, na tabia hiyo ikishaota mizizi kuing'oa ni kazi ya miezi. Kwa hiyo mafunzo yangu ya mwanzo yote, kuanzia miguu hadi kukwepa, yanazunguka jambo hilo.

Tuanze na kusimama. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unatangulia. Mashoto afanye kinyume. Tanua miguu kwa upana wa mabega, na usiipange kwenye mstari mmoja, maana ukisukumwa ubavuni utaanguka hata kabla hujapigwa. Mguu wa mbele uelekee kwa mpinzani ukiwa umepinda kidogo kuingia ndani, wa nyuma upinde zaidi, na kisigino cha nyuma kiinuke. Kisigino kikilala sakafuni nyonga haizunguki, na ngumi ya mkono wa nyuma inabaki ya bega tu. Magoti yalegee. Viwiko vilinde mbavu, kidevu kishuke, ngumi zikae mashavuni. Macho yatazame kifua cha juu cha mpinzani, kwa sababu bega lake litakwambia mapema ngumi ipi inakuja. Hiyo ndiyo gadi.

Kutembea kuna kanuni moja: mguu ulio upande unakokwenda ndio unaoanza. Kwenda mbele, anza na wa mbele. Kurudi, anza na wa nyuma. Usivushe mguu mmoja juu ya mwingine, wala usiibananishe.

Kabla hujagusa begi, ule mfuko mzito unaoning'inizwa kwa kupigwa ngumi, jifunze kukunja ngumi. Kidole gumba kikae nje, juu ya vidole vingine, kamwe kisifichwe ndani. Ngumi itue kwa vifundo viwili, cha kidole cha shahada na cha kati, kiwiko na kiganja vikiwa mstari mmoja. Ikitua upande wa kidole kidogo, mfupa wa kiganja unaweza kuvunjika, na ni jeraha linalojulikana sana kwa wapiga ngumi. Funga bandeji kila siku, hata siku ya begi peke yake.

Sasa jabu, ngumi ya mkono wa mbele. Inatoka shavuni moja kwa moja, bila kuvuta mkono nyuma kwanza na bila kiwiko kutanuka. Karibu na mwisho ngumi inageuka, kiganja kikitazama chini, na bega linapanda kufunika kidevu. Toa pumzi kwa kifupi. Kisha mkono unarudi kwa njia ileile uliyopita, kwa kasi ileile, mpaka shavuni. Nikimshikia mtu pedi, vile vimto vya mkononi ambavyo kocha hupokelea ngumi, kila mkono wake ukichelewa kurudi namgusa shavu kwa pedi ya pili. Hakuna maneno yanayofundisha haraka kuliko hivyo.

Ukali wangu katika hili una historia nyuma yake. Mwaka 1936 Joe Louis wa Marekani alikuwa hajawahi kupoteza pambano la kulipwa, na watu wengi walimwona Max Schmeling wa Ujerumani, bingwa wa zamani wa dunia wa uzito wa juu, kuwa amekwisha. Schmeling akatazama filamu za mapambano ya Louis, akaona kitu ambacho wengine hawakukitilia maanani: Louis akishapiga jabu, mkono wa kushoto ulishuka. Kwa kitambo kile kidogo, upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa wazi. Usiku wa tarehe 19 Juni, katika uwanja wa Yankee Stadium, New York, Schmeling aliisubiri jabu hiyo na kupitisha mkono wa kulia juu yake, tena na tena. Louis alianguka raundi ya 4, na raundi ya 12 alihesabiwa mpaka kumi. Huyu hakuwa bondia dhaifu. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa dunia, na Juni 1938 alimrudia Schmeling katika uwanja uleule, akammaliza raundi ya kwanza. Lakini hata kipaji cha namna ile kililipia mkono ulioshuka, sembuse mtu aliyeanza mazoezi juzi.

Ngumi ya mkono wa nyuma inaanzia mguuni. Zungusha mguu wa nyuma, nyonga ifuate, bega lifuate, ngumi imalizie, huku mkono wa mbele umeganda shavuni. Ngumi ya kuzunguka na ile ya kutoka chini kuja kidevuni ziache kwanza. Ukizikimbilia kabla jabu haijatulia utaishia kurusha mikono na kujifungua mwili.

Kujilinda nako kuna ngazi. Ya kwanza ni kuzuia: ngumi inakuja kichwani, unaipokea kwa glovu iliyobana shavu; inakuja mwilini, unashusha kiwiko kwa kupinda kiwiliwili, bila kuushusha mkono wote. Ya pili ni kupangua: jabu ya mpinzani unaisukuma kidogo kwa kiganja, kiasi tu cha kuipotezea njia. Wanaoanza huifuata ngumi kwa mkono wote na kubaki wazi. Ya tatu ni kukwepa kwa kichwa, na hapa sentimita chache zinatosha. Pinda magoti, usikunje kiuno, na macho yasiondoke kwa mpinzani. Funga kamba usawa wa mabega, kutoka ukuta hadi ukuta, upite chini yake kushoto na kulia ukisonga mbele, gadi ikiwa juu muda wote. Zoezi hili halina gharama na naliheshimu kuliko mashine yoyote.

Vijana hunionesha video za Muhammad Ali akicheza mikono ikiwa kiunoni, akivuta kichwa nyuma. Nampenda Ali kama wanavyompenda. Lakini Machi 1971, huko Madison Square Garden, Joe Frazier alimwangusha raundi ya 15 kwa ngumi ya kuzunguka ya kushoto, na Ali alikuwa na macho na miguu ambayo hatujapewa sisi. Gadi juu.

Sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, isubiri mpaka yote haya yafanyike bila kufikiriwa. Ikifika, glovu ziwe kubwa, za aunsi 16 kwa watu wazima, kinga ya meno iwe mdomoni, na kocha awe pembeni akitazama. Raundi za mwanzo nawaruhusu jabu peke yake, mmoja anapiga, mwingine anajilinda, kisha wanabadilishana. Aliyepigwa kichwani akaumwa kichwa, akapata kizunguzungu au kichefuchefu, anavua glovu palepale na kupelekwa kwa daktari, na harudi ulingoni mpaka daktari amruhusu, hata kama pambano lake ni wiki ijayo.