Flashi mbili katika wiki moja

Wiki iliyopita niliwekewa mezani flashi mbili. Ya kwanza ililetwa na katibu wa kikoba. Imevunjika shingo, kichwa cha chuma kinaning'inia kama jino la mtoto, na ndani yake kuna hesabu za hisa na mikopo ya wanachama wote kwa miaka mitatu. Dada wa watu hata kukaa hakukaa, alisimama mlangoni kashika shavu. Ya pili ililetwa na mama mmoja mtu mzima. Ilikuwa na video ya harusi ya bintiye, imetunzwa kabatini ndani ya kisanduku cha bati tangu siku ya harusi, miaka saba, na haina hata mkwaruzo. "Hii nzima, mwanangu," aliniambia. "Ni kompyuta ya nyumbani tu inaisumbua."

Katibu aliondoka na mafaili yake yote kabla ya adhuhuri. Mama alipata vipande. Watu wengi wangetarajia kinyume chake.

Tuanze na ile iliyovunjika. Kichwa cha flashi ya kawaida kina njia nne tu, mbili za umeme na mbili za data. Kikikatika, zinazokatika ni njia hizo. Chipu inayotunza mafaili iko nyuma zaidi kwenye bodi, na mara nyingi haijaguswa. Nilichofanya ni kufungua kava, kulehemu nyaya nne nyembamba, kuchomeka na kunakili. Hatari kubwa ilikuwa kabla haijanifikia, maana mtu ofisini kwao alijaribu kuikandamiza kwa kidole ili "ishike". Ukifanya hivyo njia ya umeme inaweza kugusa ya data, na hapo ndipo unaua kilichokuwa hai. Flashi ikivunjika, iache. Usiitikise, usiibane na mpira.

(Angalizo moja: zile flashi ndogo kama ukucha, ambazo kila kitu kimefungwa ndani ya kipande kimoja cheusi, hazina bodi ya kulehemu kirahisi. Zikipasuka, kazi yake ni ngumu mno na gharama inapanda. Mimi mwenyewe siweki kazi zangu kwenye flashi ya aina hiyo.)

Kichwa nacho kina umri wake. Kile cha USB cha bapa tulichozoea kimepimwa kustahimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500. Mtu wa steshenari anayeichomeka mara nne kwa siku anafika hapo kwa mwaka na kidogo. Kichwa cha Type-C kimewekewa mara 10,000, kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua hicho.

Sasa ile ya mama.

Flashi haichongi kitu wala haitumii sumaku. Inafungia elektroni. Ndani ya chipu kuna vyumba vidogo kwa mabilioni, kila kimoja kimezungushiwa ukuta wa kuhami wenye unene wa nanomita chache. Unapoandika faili, chipu inapandisha umeme wake wa ndani hadi karibu volti 20 ili kuzisukuma elektroni zipenye ukuta ule na kubaki ndani. Chipu ikisafisha nafasi ili iandike upya, zinavutwa zitoke. Kila safari ya kupenya inauchakaza ukuta kidogo. Ukichakaa, elektroni zinaanza kuvuja zenyewe, polepole, hata flashi ikiwa imelala kabatini bila kuguswa na mtu.

Wazee wa kazi husema flashi za zamani zilikuwa ngumu, na wanasema kweli. Zile za kwanza kuuzwa, mwaka 2000, zilikuwa na MB 8 tu, lakini enzi hizo kila chumba kilitunza biti 1: kina elektroni au hakina. Vyumba vya namna hiyo vilistahimili kuandikwa na kufutwa kama mara 100,000. Leo, ili tupate GB 64 kwa bei ya chakula cha mchana, chumba kimoja kinabeba biti 3, maana yake lazima kipimwe kwa viwango 8 tofauti. Chukua kopo la maji. Kama swali ni "limejaa au tupu?", likivuja kidogo bado utajibu sawasawa. Kama lina alama 8 ubavuni, likivuja kidogo tu umeshasoma alama isiyo yake. Vyumba hivi huhimili mizunguko elfu moja hivi, wakati mwingine pungufu. Tena chipu zilizokosa ubora wa kuingia kwenye SSD, yaani diski za kompyuta zinazotumia chipu za aina hii, ndizo nyingi zinazoishia kwenye flashi za bei rahisi.

Nilipoichimba flashi ya mama nilikuta mabaki ya harusi nyingine, sendoff, hata mahafali ya shule. Yaani mpiga video hakumpa flashi mpya. Alimpa ile aliyokuwa akifanyia kazi, kuta zake zimeshalegea, kisha ikaenda kukaa kabatini chini ya paa la bati. Joto linaharakisha kuvuja. Kwa SSD za watumiaji wa kawaida, kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, kinadai kwamba diski iliyokwisha tumika hadi kikomo chake itunze data bila umeme mwaka 1, kwenye nyuzi 30. Chumba cha nyumba yenye paa la bati Dar es Salaam mwezi wa Februari kinapita nyuzi 30 saa za mchana. Na hiyo ni SSD. Flashi ya mtaani haijaahidi hata hicho.

Watu huniuliza kama kuichomeka mara moja kwa mwaka kunatosha kuiamsha. Kwa flashi za kawaida usitegemee, kwa kuwa umeme ukipita hauandiki upya kilichomo. Kinachosaidia ni kunakili kila kitu kwenye kompyuta, uhakikishe yanafunguka, ufomati, kisha uyarudishe. Hapo elektroni zinajazwa upya. Na nakala ya pili iwe mahali pengine, kwenye diski ya nje au mtandaoni.

Kompyuta ikikwambia flashi inahitaji kufomatiwa, kataa, itoe, itafute msaada. Ikikwambia imezuiwa kuandikwa na wewe hukuizuia, mara nyingi kidhibiti chake, yaani chipu inayoongoza kazi za flashi, kimeishiwa vyumba vya akiba na kimejifunga ili kuokoa yaliyomo. Intaneti imejaa mbinu za kuifungua. Achana nazo, nakili mafaili haraka, na flashi hiyo usiipe kazi tena.

Kuna nyingine ambazo hazikuwahi kuwa nzima tangu dukani. Flashi ya "TB 1" kwa elfu kumi na tano ni ya GB 8 au 16 iliyofundishwa kudanganya. Programu ya ndani ya kidhibiti imebadilishwa ili itangaze ukubwa usiokuwepo. Ukinakili, majina yote ya mafaili unayaona, kwa sababu orodha ya majina inaandikwa mwanzoni mwa flashi, penye chipu ya kweli. Mwili wa faili ndio unaotupwa. Unakuja kugundua siku ya kuhitaji. Kabla hujaiamini flashi mpya, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Zinaandika hadi mwisho kisha zinasoma upya. Ni kazi ya saa kadhaa kwa flashi kubwa, na mimi siuzi flashi bila kuifanya. (GB 32 ikionyesha 29 usigombane na muuzaji. Kiwanda kinazidisha kwa 1,000, Windows kwa 1,024.)

Kwenye video ya mama nimeokoa maharusi wanavyoingia ukumbini, dakika kumi na moja za keki, na nasaha za marehemu mumewe ambazo zinakatika katikati ya sentensi. Nimemwomba ampigie mpiga video aulize kama alibaki na nakala. Sentensi ile naisikia kila nikifungua faili kuikagua, na bado nasubiri simu ya mama.