Mkanda wa kiti mwendo sio mkanda wa gari

Jamani, hili nalirudia kliniki mpaka sauti inakauka, bora niliandike tu. Mimi ni fizio wa watoto, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, kazi yangu kubwa ni viti mwendo, vile vya magurudumu, na namna mtoto anavyokaa. Wazazi wakija kuulizia usafiri swali la kwanza ni lilelile, ataingiaje kwenye gari? Sawa, mtoto akishafika kilo 25 mgongo wa mama unajua wenyewe. Ila kuingia ni nusu tu ya kazi. Mi huwa nawauliza, dereva akikanyaga breki ghafla huyu mtoto anaenda wapi?

Wengi hapo wananionyesha ule mkanda wa kiti mwendo. Sasa ule umewekwa ili akae vizuri, asipinde, asiteleze, haukutengenezwa kwa ajili ya ajali, na mwingine unashikwa na velkro tu. Viti mwendo vinavyoruhusiwa kukaliwa ndani ya gari vinapimwa kwa kugongeshwa kwa mwendo wa kama kilomita 48 kwa saa, na nguvu inayopatikana pale ni karibu mara 20 ya uzito. Piga hesabu, mtoto wa kilo 20 kwa kile kisekunde kidogo anavuta kama kilo 400, halafu nyuma yake kuna kiti, na kama ni cha umeme kinaweza kuzidi kilo 100 peke yake. Velkro itafanya nini hapo?

Kwa hiyo vinafungwa vitu viwili, kila kimoja kivyake. Kiti kinafungwa kwenye sakafu kwa mikanda 4, miwili mbele miwili nyuma, na ndoano zishike kwenye fremu yenyewe. Sio kwenye gurudumu, sio pale pa kuwekea miguu, sio kitu chochote kinachochomoka, na nalisema hili kwa sababu gurudumu liko karibu na mkono na mtu mwenye haraka ndo analolishika. Kiti kilichopimwa huwa kimewekewa alama za kuonyesha ndoano zinakaa wapi, na kwenye kitabu chake utakuta namba ISO 7176-19, hicho ndo kiwango cha kimataifa cha viti mwendo vya kukaliwa ndani ya gari. Kama hakuna, muulize aliyekuuzia kabla hujalipa. Kisha mtoto naye anafungwa mkanda wa gari, wa kiunoni na wa begani, ule wa chini ulale kwenye mifupa ya nyonga usipande tumboni, na upite ndani ya mikono ya kiti, maana ukipita juu unabaki unaning'inia hewani na mtoto anateleza chini yake. Ule mkanda wake wa ukaaji uacheni tu, haudhuru.

Aangalie mbele, tafadhali. Kukaa ubavu ndo mbaya kuliko yote. Kuna mabasi makubwa ya mjini yenye nafasi ya kukaa ukiangalia nyuma, mgongo umeegemea ubao, ule ni mfumo mwingine kabisa, basi ni zito na mwendo wake mdogo, usiuige kwenye gari la nyumbani.

Na kama mtoto anaweza kuhamishiwa kwenye kiti cha gari au kiti cha watoto cha gari kinachomtosha, hamisha, ndo salama zaidi. Kiti mwendo kitupu nacho kifungwe, meza yake itolewe, mtungi wa oksijeni usiachwe unazurura.

Mnaotaka kununua gari, mpimeni mtoto akiwa amekaa kwenye kiti chake, sakafu mpaka utosini, halafu ongezeni sentimita za kukua, nimeona gari limenunuliwa, kufika mwaka wa pili kichwa kinagonga mlangoni. Rampu nayo, ule mteremko wa kupandishia kiti, ukiona fupi usifurahi. Sakafu ikiwa sentimita 40 juu na rampu ina mita 1.6, huo ni mlima wa 1 kwa 4, wakati kwenye majengo tunataka 1 kwa 12. Jaribuni kusukuma mtoto akiwa juu yake, sio kiti kitupu, muuzaji atakuonyesha kitupu siku zote.

Gari la shule ndo linalonikosesha usingizi maana madereva wanabadilika. Mama mmoja alipiga picha kiti kikiwa kimefungwa sawasawa, akachora mishale myekundu sehemu zote 4, akaiwekea plastiki na kuibandika nyuma ya kiti. Siku hizi kila mzazi akitoka kwangu nampigia hiyo picha kwa simu yake mwenyewe.